Neno moja la Kiingereza, maana tano: utajuaje iliyokusudiwa?

Mjomba wangu aliendesha malori kwa miaka mingi, na Kiingereza chake alikiokota njiani: bandarini, mipakani, gereji. Siku moja alinipigia simu sauti imejaa furaha. Taasisi iliyomkopesha fedha za kununua bajaji ilikuwa imemwandikia barua, na mstari wa kwanza kabisa ulikuwa na neno analolijua vizuri, kwa kuwa aliliona kwenye ripoti ya shule ya binti yake: "outstanding". Kwa binti lilimaanisha amefanya vizuri sana, amewapita wenzake. Mjomba akaamini anasifiwa kwa kulipa bila usumbufu, akaitia barua kabatini. Nilipokwenda kumtembelea wiki sita baadaye na kuiona kwa macho yangu, tarehe ilikuwa imepita na riba imeshaanza kupanda.

Barua ilikuwa na sentensi tatu tu:

"The outstanding balance on your account is due on 30 June. Interest will be charged on any balance left after that date. If you wish to settle early, address your letter to the officer in charge."

Hakuna neno gumu hapo. Aliyefika kidato cha pili ameyaona karibu yote, na hapo ndipo penye hatari. Neno usilolijua hukusimamisha, ukauliza au ukafungua kamusi. Neno unalodhani unalijua hukupitisha moja kwa moja hadi kwenye kosa. Katika barua ile nahesabu maneno yasiyopungua tisa yenye maana zaidi ya moja, na moja, "charge", limetumika mara mbili kwa maana mbili tofauti. Tutaitumia barua hiyo kama ubao wetu wa mazoezi mpaka kila neno lake lifunguke.

Kwanza, ujue Kiswahili kimekuzoesha nini

Maneno ya namna hii tunayo tele. Shuleni tuliyaita vitawe: kaa, paa, ua, meza, kata, panda. Lakini nani aliyekulia kwenye Kiswahili amewahi kupotea kwenye neno kaa? "Kaa huyu ana gando moja" ni yule wa baharini. "Kaa hili bado lina moto" ni la jikoni. "Kaa hapa" ni kuketi. Ngeli imefanya kazi yote kabla hujaanza kufikiri. Huyu na hili vimekuonyesha njia. Kiswahili hulivika neno kitambulisho, na kitambulisho hicho hurudiwa kwenye kila neno linaloliandama.

Kiingereza hakina ngeli. "Light" ikiwa mwanga, ikiwa -epesi, ikiwa kuwasha, haibadiliki hata herufi moja. Kwa hiyo sisi tunalitazama neno lenyewe, tunasubiri litupe alama kama tulivyozoea, na alama haiji. Iko nje ya neno: kwenye kineno kidogo kilichotangulia, kwenye kineno kinachofuata, kwenye herufi "s" ya mwisho, kwenye mahali unaposomea. Makosa mengi niliyoyaona kwa wanafunzi wangu wa jioni hayakutokana na uchache wa msamiati. Yalitoka kwenye tabia ya kulitazama neno likiwa peke yake.

Hata kwetu yapo mazingira ambayo ngeli haisaidii. "Juma amepanda mti": ameukwea au ameuotesha? Hapo unaangalia kama ameshika jembe. Basi kwa Kiingereza, kila siku ni siku ya kuangalia jembe.

Hatua ya 1: Uliza neno linafanya kazi gani

Kabla ya kuuliza "lina maana gani", uliza ni jina la kitu au ni tendo. Likitanguliwa na "a", "the", "my", "your", "this", ni jina la kitu. Likitanguliwa na "will", "can", "must", au mtenda kama "I" na "they", ni tendo. "I need a book" anataka kitabu. "I need to book" anataka kuweka nafasi mapema, iwe ya basi au ya chumba.

Kineno "to" kina mtego wake. Kikifuatwa na neno tupu, neno hilo kwa kawaida ni tendo: "to book". Kikifuatwa na "the" au "my", basi ni cha kuonyesha uelekeo: "to the officer", kwa ofisa.

Sasa tazama barua: "address your letter". Wengi tunajua "address" ni anwani. Lakini hapa halina "the" wala "my" mbele yake. Limesimama lenyewe baada ya mkato, na baada yake kuna kitu cha kutendewa, yaani barua. Neno la namna hiyo ni amri: elekeza barua yako kwa fulani. Matangazo ya ukutani karibu yote yamejengwa hivyo, yanaanza na tendo tupu. "Leave the keys here" haihusu likizo, ingawa "I am on leave" inahusu likizo. "Watch your step" haihusu saa ya mkononi. Unaambiwa uangalie unapokanyaga.

Hatua ya 2: Angalia "a", angalia "s", angalia pasipo na kitu

Hapa ndipo ningependa ukae kwa muda mrefu kuliko pengine pote, kwa sababu ndipo tunapopuuza. Wengi tulifundishwa kwamba "a" ni moja na "s" ni wingi, basi. Ukweli ni kwamba vitu hivi vidogo mara nyingi hufanya kazi inayofanana na ya ngeli: vinabadilisha kitu chenyewe.

"Iron" bila kitu mbele ni chuma. "An iron" ni pasi. "Glass" ni kioo, kile cha dirishani; "a glass" ni bilauri; "glasses" ni bilauri nyingi au miwani. "Paper" ni karatasi kwa ujumla. "A paper" ni gazeti, au mtihani, au makala ya kitaaluma. "Papers" huweza kuwa hati zako za uraia au ukaazi. "Room" ni nafasi, "a room" ni chumba, kwa hiyo mwenyeji akikuambia "there is no room" hajasema nyumba haina vyumba, amesema pamejaa. "Chicken" kwenye sahani ni nyama, "a chicken" ni kuku mzima mwenye manyoya.

Herufi "s" nayo. "Good" ni -zuri, "goods" ni bidhaa. "Custom" ni mila, "customs" ni forodha. "Arm" ni mkono, "arms" ni mikono au silaha. "Damage" ni uharibifu, "damages" ni fidia inayoamriwa na mahakama. "Spirit" ni roho, "spirits" chupani ni pombe kali. "Minute" ni dakika, "minutes" za kikao ni kumbukumbu zake, na katibu akiombwa "read the minutes" hakuombwa ahesabu dakika.

Wenzetu wanaoishi Ulaya na Marekani hukutana na haya kila siku kwenye fomu. "Do you have any dependants?" ni rahisi. "Do you have any means of support?" inamsumbua mtu, kwa sababu "mean" anaijua kama kumaanisha, au kama mchoyo. Yenye "s" ni njia au uwezo: una njia gani ya kujikimu?

Zoezi la kufanya kwa siku saba: chukua aya moja ya habari, zungushia duara kila "a", "an" na kila "s" ya mwisho wa jina, na mbele ya kila duara jiulize kama maana ingebadilika ukikiondoa.

Hatua ya 3: Wahoji majirani

Kineno kinachofuata tendo au jina ndicho shahidi wako mkubwa. Chukua "interest". "Interest in" ni hamu ya kitu au maslahi ndani yake: "She has an interest in farming", anapenda kilimo, "He has an interest in that company", ana hisa au faida ndani yake. "Interest on" ni riba. Barua ya mjomba inasema "Interest will be charged on any balance". Ile "on" peke yake ilitosha kumshtua.

"Charge" vilevile. "Charge for" ni kutoza bei: "They charge for parking." "Charge with" ni kushtaki: "He was charged with theft." "In charge of" ni kuwa msimamizi. "Charge" ikiandamana na simu au betri, ni kuchaji, na hiyo tumeshaifanya ya kwetu. Sasa sentensi ya pili na ya tatu za barua zinafunguka: riba itatozwa, na ofisa msimamizi ndiye wa kuandikiwa.

Pengine ukosefu wa jirani ndio ushahidi. "She left Nairobi" ameondoka Nairobi. "She left for Nairobi" ameondoka kwenda Nairobi. Kineno kimoja, na msafiri amegeuka upande wa pili wa barabara. "Turn left" ni kushoto. "Any balance left" ni kiasi kilichobaki, na unajua hivyo kwa sababu "left" imekaa nyuma ya jina la kitu, mahali pasipo pa kushoto wala pa kuondoka.

"Due" ikifuatwa na "to" ni kwa sababu ya: "late due to rain". Ikifuatwa na "on" na tarehe, ni muda wa kutimiza jambo: deni linatakiwa kulipwa, kazi ya darasani inatakiwa kukusanywa. "The baby is due in May" ni mama anayetarajia kujifungua mwezi wa Mei.

"Apply for" ni kuomba, kama kazi au viza. "Apply to" ni kuhusu: "This rule does not apply to you", haikuhusu. Na kwenye tyubu ya dawa ya ngozi, "apply twice a day" ni kupaka mara mbili kwa siku.

Hatua ya 4: Tafuta shina

Maneno yenye maana nyingi yako ya aina mbili, na kuzitofautisha kunapunguza mzigo wa kukariri.

Aina ya kwanza ni maneno mawili tofauti yaliyokutana njiani yakafanana sura. "Date" ya kalenda imetoka kwenye Kilatini, neno lenye maana ya iliyotolewa, kwa sababu barua za Kirumi zilitajwa zimetolewa siku gani. "Date" ambayo ni tende inarudi hadi kwenye Kigiriki, neno la kidole. "Bank" ya mto, yaani ukingo, imetoka kaskazini kwa watu wa Skandinavia. "Bank" ya fedha imetoka kwa Waitalia, kwenye benchi ambalo wabadilisha fedha walifanyia biashara yao. Kiingereza kimejaa migongano ya namna hii kwa sababu kimepokea wageni wengi: Wanormandi walioiteka Uingereza mwaka 1066 peke yao walileta maelfu ya maneno ya Kifaransa. Kwa aina hii usitafute uhusiano, hautakusaidia. Jifunze kila moja kama neno lake.

Aina ya pili ni neno moja lililotanuka, na hapa kuna raha. "Charge" imetoka kwenye neno la kupakia mzigo mkokoteni. Ukijua hilo, maana zote zinakaa mahali pake: bei ni mzigo unaobebeshwa mteja, shtaka ni mzigo unaobebeshwa mshtakiwa, umeme ni mzigo unaopakiwa kwenye betri, na msimamizi ni yule aliyebebeshwa jukumu. "Issue" shina lake ni kutoka nje: toleo la gazeti limetoka, pasipoti imetolewa, na jambo lililojitokeza linahitaji kujadiliwa. "Fine" ya faini na "fine" ya safi zote zinarudi kwenye neno la Kilatini la mwisho: faini ilikuwa malipo ya kumaliza shauri, na kitu safi ni kile kilichomalizwa vizuri.

Na "outstanding"? Likate: "out", nje, "standing", imesimama. Mwanafunzi aliyesimama nje ya kundi anaonekana, ni bora. Deni lililosimama nje bado halijaingizwa kwenye yaliyolipwa. Kwa hiyo tazama imefuatwa na nani: "outstanding student" ni sifa, "outstanding balance", "outstanding bill", "outstanding work" ni kitu kisichokamilishwa. Hiyo ya mwisho ni ngumu kwelikweli, kwa maana "outstanding work" inaweza pia kuwa kazi bora, na hapo barua nzima ndiyo itakayoamua.

"Balance" shina lake ni mizani. Kwenye akaunti yako ya akiba, "balance" ni fedha yako iliyobaki. Kwenye akaunti ya mkopo ni fedha yao iliyobaki kwako. Na "settle", ambalo tunalijua kama kutulia au kuweka makazi, likija karibu na deni ni kulipa lote likatulia, likija karibu na ugomvi ni kusuluhisha.

Hatua ya 5: Vitenzi vidogo vione kama "piga"

"Get", "take", "set", "put", "run", "make", "go". Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford walikuwa wamekipa kitenzi "run" maana 645. Usiogope takwimu hiyo. Wewe unapiga simu, unapiga pasi, unapiga picha, unapiga kura, unapiga mswaki, unapiga deki, unapiga hodi, unapiga chafya, na hakuna siku uliyodhani simu inachapwa. Uliwezaje? Hukujifunza maana za "piga". Ulijifunza "piga pasi" nzima, na "piga kura" nzima.

Fanya hivyohivyo. Usiandike daftarini "run = kimbia". Andika "run a shop", kuendesha duka. "Run for parliament", kugombea ubunge. "Run out of sugar", kuishiwa sukari. "The tap is running", bomba linatiririsha maji. "Run into a friend", kukutana na rafiki bila kutarajia. Hivi vineno "out", "off", "up", "into" vinafanya kazi inayofanana na ya viambishi vyetu vya mwisho. Tupa, tupia, tupwa, nasi hatuvichanganyi. "Put off the meeting" ni kuahirisha. "Put out the fire" ni kuzima. "Put up with noise" ni kuvumilia. "Turn down the radio" ni kupunguza sauti, "turn down the offer" ni kukataa.

Hatua ya 6: Uko wapi unaposoma?

Kila mahali pana Kiingereza chake, na neno likivuka mlango hubadilika. Hospitali ndiyo ninayoiweka mbele, kwa sababu kosa la pale haliishii kwenye riba.

"Patient" ni mgonjwa, ingawa nje ya geti ni mvumilivu. "Admitted" ni amelazwa. Chuoni ni amekubaliwa kujiunga. Mbele ya polisi ni amekiri. "Discharged" ni ameruhusiwa kwenda nyumbani, lakini "discharge" kama jina, hasa kwenye maelezo ya kidonda au ya sikio, ni majimaji au usaha unaotoka. "Theatre" ni chumba cha upasuaji. "Labour" ni uchungu wa kujifungua, ndiyo leba yetu. "Stool" ni choo kikubwa, na "pass stool" ni kwenda haja kubwa. "Dressing" ni bandeji na vitu vya kufungia kidonda. "The patient complains of headache" haisemi kwamba mgonjwa ni mlalamishi. Ndiyo namna daktari anavyoandika kwamba anajisikia kichwa kinauma. "Acute" haina maana ya kuuma sana, ina maana ugonjwa umeanza ghafla. Kinyume chake ni "chronic", ugonjwa sugu.

Na hili ulishike kuliko yote: "positive" kwenye kipimo si lazima iwe habari njema, na "negative" si lazima iwe habari mbaya. "Positive" ni kwamba kilichotafutwa kimeonekana. "Negative" ni kwamba hakikuonekana. Nimemwona mama akilia kwenye benchi la maabara ameshika karatasi yenye neno "negative", na mwanawe hakuwa na ugonjwa waliokuwa wakiuogopa.

Ofisini, "referees" kwenye wasifu wa kuombea kazi ni watu watakaokushuhudia, hawana filimbi. "Notice" ni taarifa ya awali: "one month's notice" ni kutoa taarifa mwezi mmoja kabla. Mahakamani na kwenye mikataba, "sentence" ni adhabu, "hearing" ni usikilizaji wa kesi, "party" ni upande mmoja wa mkataba, na "to execute" mkataba ni kuutia saini ukawa na nguvu. Bungeni "bill" ni muswada, hotelini ni bili.

Yapo machache yanayobeba maana na kinyume chake. "Sanction" ni kuidhinisha, na pia ni kuwekea vikwazo. "Oversight" ni usimamizi, na pia ni kosa la kupitiwa. Ukiyaona kwenye waraka unaotakiwa kuusaini, usikisie, uliza.

Kisa cha "mind"

Neno hili nalipa nafasi yake kwa sababu liliniumiza. Kwenye treni nje kidogo ya London, mama mmoja wa makamo alinisogelea akauliza, "Do you mind if I sit here?" Nikajibu "Yes" kwa tabasamu, moyoni nikisema karibu mama. Akaomba radhi, akaenda kusimama karibu na mlango. Vituo viwili baadaye ndipo nilipoelewa nilichomwambia.

"Mind" kama jina ni akili. Kama tendo lina njia mbili kubwa: kujihadhari au kuangalia, na kuudhika. "Mind the gap", inayotangazwa kwenye treni za chini ya ardhi za jiji hilo, ni jihadhari na nafasi iliyopo kati ya behewa na jukwaa. "Mind your head", angalia kichwa kisigonge. "Could you mind the baby?", nisaidie kumwangalia mtoto. Lakini "Do you mind if" inauliza: utaudhika nikifanya hivi? Kumkaribisha mtu ni kusema "No, not at all". Vivyo hivyo "Would you mind opening the window?" ni ombi, na ukikubali unasema "Of course not" kisha unafungua. Kwetu swali ni "naweza kukaa hapa?" na jibu ni ndiyo, mdomo unakimbilia "yes" kwa mazoea. Litamke jibu la "No, not at all" kwa sauti mara ishirini nyumbani mpaka lizoeleke.

Usisahau sikio, wala nchi

Barabara ya magari na kufanya jambo barabara zimeandikwa sawa. Mkazo ndio unaozitenga. Kiingereza kina kundi zima la maneno hivyo. REcord ni rekodi, reCORD ni kurekodi. PREsent ni zawadi, preSENT ni kuwasilisha. CONtract ni mkataba, conTRACT ni kupata ugonjwa au kusinyaa. OBject ni kitu, obJECT ni kupinga. Kanuni ni nyepesi: mara nyingi jina hukazwa mwanzo, tendo hukazwa mwisho. Mengine hubadilika sauti kabisa: "lead" ikisikika liid ni kuongoza, ikisikika led ni madini ya risasi, "minute" ikisikika mainyuti ni dogo mno.

Kuhusu nchi nitakuwa mfupi. Kiingereza cha shule zetu kilitoka Uingereza, kwa hiyo anayekwenda Marekani ajiandae. "Chips" zetu ni za viazi moto. Kule ni vile vikavu vya pakiti. "First floor" kwetu ni ghorofa ya juu ya ile ya chini. Kule mara nyingi ndiyo hiyo ya chini. "Pants" Marekani ni suruali, Uingereza ni chupi. "To table a motion" katika mabunge yetu ni kuiwasilisha ijadiliwe, Marekani ni kuiweka kando; Winston Churchill, aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza, aliandika kwamba wakati wa Vita Kuu ya Pili maofisa wa Uingereza na Marekani walibishana sana juu ya neno hilo kabla ya kugundua kwamba walitaka jambo lilelile.

Kamusi na daftari

Ukifungua kamusi, usichukue maana ya kwanza. Namba ndogo iliyoinuliwa juu ya neno mara nyingi inaonyesha maneno mawili tofauti, kama benki na ukingo. Namba za kawaida 1, 2, 3 ni maana za neno moja. Soma mifano kuliko tafsiri, na utafute mfano wenye jirani yuleyule uliyemwona kwenye sentensi yako. Programu ya kutafsiri kwenye simu ipe sentensi nzima, kamwe usiipe neno moja. Kisha geuza jibu lirudi kwenye Kiingereza uone kama linafanana na ulichoanza nacho.

Daftarini andika maana uliyokutana nayo leo tu, pamoja na sentensi yake nzima na mahali ulipoiona. Anayeandika maana saba za "charge" kwa siku moja husahau zote saba. Mjomba wangu siku hizi huzungushia duara neno analodhani analijua, akanipigia: "Mwanangu, hili limesimama na nani?" Na barua yake tuliisoma pamoja hivi:

Deni lililobaki kwenye akaunti yako linatakiwa kulipwa tarehe 30 Juni. Kiasi chochote kitakachosalia baada ya tarehe hiyo kitatozwa riba. Ukitaka kumaliza deni mapema, mwandikie ofisa msimamizi.

Sasa jaribu hii mwenyewe kabla ya kusoma jibu lake. Ni maelezo ya hospitali, na kila kitu unachohitaji kimeshapita hapo juu isipokuwa neno moja, "fair", ambalo unalijua kama haki. Tazama limesimama na nani.

"The patient was admitted with acute chest pain. All tests were negative. She was discharged on Friday in fair condition. The outstanding bill is due to be settled by her brother, who left for Mombasa."

Mgonjwa alilazwa akiwa na maumivu ya kifua yaliyoanza ghafla. Vipimo vyote havikuonyesha tatizo lililotafutwa. Aliruhusiwa kwenda nyumbani siku ya Ijumaa akiwa na hali ya kuridhisha. Bili ambayo haijalipwa inatarajiwa kumaliziwa na kaka yake, aliyeondoka kwenda Mombasa. Kama uliandika "kwa sababu ya" kwenye "due to", rudi uone: baada ya "to" kuna "be settled", ambalo ni tendo, na kwenye hatua ya 3 "due to" ilifuatwa na "rain", jina la kitu.